Supu ya madonge kwenye chungu cha umeme: mbona yanayeyuka, mbona yanakuwa magumu?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kinyerezi, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Dada yangu anayeishi Marekani aliniletea chungu cha umeme cha kupika polepole, cha lita 6. Nakitumia kwa transfoma. Naondoka nyumbani kabla ya saa 12 alfajiri, nikirudi ni saa 1 usiku, foleni ikiwa mbaya zaidi ya hapo. Nataka nipike supu ya kuku yenye madonge ya unga ndani, ile aliyonipikia dada nilipomtembelea. Mara ya kwanza niliweka kila kitu asubuhi, jioni nikakuta uji. Mara ya pili nikayaweka madonge niliporudi, yakatoka magumu na katikati unga mbichi, na unga niliukanda vizuri kabisa kama wa chapati. Nakosea wapi? Na naweza kuongeza maharage?"

Marahaba, mwanangu. Supu yako haina tatizo. Madonge ndiyo yaliyoharibika, na yameharibika kwa sababu mbili zisizohusiana, kwa hiyo tusizichanganye. Ya asubuhi yameponzwa na muda. Ya jioni yameponzwa na moto hafifu, tena na mikono yako. Ukitaka jibu fupi, hili hapa: supu mwachie chungu, madonge yasiingie mpaka wewe umerudi, umeoga, umesimama jikoni.

Chungu hiki hakikubuniwa kwa ajili ya unga. Aliyekibuni, Irving Naxon, alipata hataza yake huko Marekani mwaka 1940, na wazo lilitokana na chakula cha Sabato cha kwao Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki: nyama, maharage na shayiri vinaachwa kwenye moto mdogo kuanzia Ijumaa jioni, vinaliwa Jumamosi. Baadaye kampuni ya Rival ikakichukua na kuanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971. Kazi yake tangu mwanzo ni vitu vigumu vinavyohitaji saa nyingi, yaani mifupa, kano na punje. Unga wa ngano hauhitaji saa nyingi. Unahitaji joto kali kwa muda mfupi, kisha uachwe.

Donge linapoingia kwenye supu inayotokota, wanga wa nje unavimba na kushikana karibu papo hapo, unafanya ngozi. Ndani, beking pauda inatoa hewa, ile ngozi inaizuia isitoroke, donge linaumuka. Sasa liweke kwenye supu ya vuguvugu: wanga hauanzi kushikana mpaka joto lifike kama nyuzi 60, na chungu cha umeme kinachukua saa kadhaa kufika huko kutoka kwenye maji ya bomba. Muda wote huo donge linakaa linajimenya, unga unachanganyika na maji, hewa yote imeshaondoka. Hata lile litakalonusurika litapikwa saa kumi mfululizo, na wanga uliopikwa saa kumi unapasuka na kusambaa. Ndiyo uji ulioukuta. Hukukosea vipimo, kwa njia ile hakuna vipimo ambavyo vingekuokoa.

Madonge ya jioni yana habari ndefu kidogo.

Kwenye chungu chako kuna alama tatu, Low, High na Warm. Watu wengi wanaamini Low ni joto dogo na High ni joto kubwa. Kwa vyungu vingi vya aina hii, zote mbili mwishowe zinafika karibu mahali pamoja, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni mwendo: High inafika mapema, Low inachelewa. Warm ni jambo jingine kabisa, hiyo inahifadhi tu joto la chakula kilichokwisha kuiva. Kama uliporudi chungu kilikuwa kwenye Warm, au kwenye Low na supu juu imetulia tuli, ukadondosha madonge hapo hapo, umeyapika kwenye maji ya moto ambayo hayatokoti. Nje yanashika kidogo, katikati yanabaki unga. Kabla ya donge la kwanza kugusa supu, geuza kitufe uweke High, subiri nusu saa hadi dakika 40, na usitazame saa peke yake: angalia ukingoni mwa chungu. Unataka kuona mapovu yanapanda pale kwenye ukingo bila kukoma. Hayapandi, subiri.

Na hapa nakuuliza jambo ambalo hukuniandikia: jioni kwenu umeme unakuwaje? Maana chungu chako ni cha voti 120, kiko nyuma ya transfoma. Transfoma haiongezi kinachopungua ukutani, inagawanya tu. Voti 230 zikiingia, zinatoka kama 115. Saa 1 usiku mtaa mzima umewasha feni, pasi na majiko, umeme unashuka mpaka voti 190, chungu kinapata kama 95. Nguvu ya joto inashuka haraka kuliko voti zenyewe: hapo itakuwa imebaki chini kidogo ya theluthi mbili ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini. Chungu cha wati 240 kinafanya kazi ya wati 150. Taa inawaka, kitufe kinasema High, lakini supu haitokoti na haitatokota. Ukiona taa za nyumbani zimefifia na feni inazunguka kivivu, madonge ya siku hiyo yapikie kwenye gesi.

Halafu mikono. Umeniandikia kwa fahari kwamba uliukanda kama wa chapati. Mwanangu, chapati inataka kukandwa kwa sababu tunataka unga uvutike, usukumike, ukunjike bila kukatika. Kadiri unavyoukanda ndivyo unavyojenga mpira ndani yake. Mpira huo ukiuchemsha unakaza. Donge la supu linataka unga ambao haujashtuka kabisa kwamba umelowa. Uzito wake ni wa kaimati, ukizidi kidogo tu, na mkono wa kaimati ndio huo huo: unachota, unadondosha, hufinyangi.

Kipimo changu kwa watu wanne hadi watano: kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano mweupe, kikombe cha mililita 250, ambacho ni kama gramu 200. Vijiko viwili vya chai vya beking pauda, hakikisha haijakaa kabatini tangu mwaka juzi. Tia nusu kijiko kwenye maji ya moto, isipochachamaa itupe. Nusu kijiko cha chai cha chumvi. Siagi ya baridi vijiko vitatu vya chakula, isugue ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka unga uwe wa chengachenga. Majani ya giligilani yaliyokatwa, kama nyumbani wanayapenda. Hadi hapo unaweza kuandaa asubuhi ukaacha bakuli kwenye friji. Maziwa ya baridi, mililita 150, yanaingia mwisho kabisa, supu ikiwa tayari inatokota, kwa sababu beking pauda inaanza kazi mara inapolowa. Koroga kwa uma, mizunguko michache, mpaka usione tena unga mkavu chini ya bakuli. Utaona mabonge mabonge, utatamani kuendelea. Acha.

Kijiko kichovye kwenye supu ya moto kwanza, ndipo uchote. Unga utateleza wenyewe bila kusukumwa kwa kidole. Yatatoka kama kumi na mbili. Yaweke juu ya vipande vya kuku na karoti vinavyochungulia kwenye supu, si kuyazamisha, ili nusu yapikwe na supu na nusu ya juu yapikwe na mvuke. Yaachie nafasi, yatakuwa makubwa karibu mara mbili. Chukua kitambaa safi cha jikoni, kitandaze juu ya chungu, funika mfuniko juu yake, kisha pembe za kitambaa zikunje juu ya mfuniko zisining'inie kwenye mwili wa chungu unaopata moto. Kitambaa kinakamata yale matone yanayokusanyika kwenye mfuniko na kudondoka. Bila hicho, sehemu ya juu ya donge inabaki inanata hata ukipika mpaka usiku wa manane.

Dakika 45 hadi saa nzima kwenye High. Usifunue. Najua mikono inawasha, lakini chungu hiki hakina moto wa akiba wa kurudisha mvuke haraka. Kila ukifunua unajiongezea robo saa au zaidi, na donge lililokuwa linapanda linasinyaa. Dakika ya 45 toa moja, lipasue katikati kwa uma. Ndani liwe na vishimo vidogo na lionekane limekauka kama mkate. Ukiona mng'ao wa unga mbichi, rudisha mfuniko kwa dakika 15.

Nije kwenye ratiba yako, maana naona hapo ndipo penye ugumu wa kweli.

Wewe unakaa nje ya nyumba saa kumi na tatu. Kuku wa kisasa kwenye Low anaiva kwa saa nne hadi tano. Ukimwacha saa kumi na tatu utakuta nyuzi na mifupa inaelea, kidari kimekuwa kikavu ndani ya supu, jambo ambalo watu hawaamini mpaka walionje. Vyungu vyenye vitufe vya kubonyeza vinahamia Warm vyenyewe muda ukiisha. Cha kuzungusha kinaendelea tu. Zaidi ya hapo, siko radhi transfoma ifanye kazi kutwa nzima kwenye nyumba isiyo na mtu.

Pika usiku. Baada ya chakula cha jioni panga vitu ndani ya chungu, weka Low saa 3 usiku, lala. Saa 11 alfajiri supu ni tayari, saa nane zimetimia, na wewe ulikuwepo nyumbani muda wote. Umeme ukikatika saa 8 usiku, kwa joto la Dar feni ikizima utaamka tu, huhitaji kengele.

Kwa saa nane hizo chukua kuku wa kienyeji, au yule wa mayai aliyekwisha kuacha kutaga. Sokoni Kisutu watu wanampita huyu wa mayai kwa sababu kwenye sufuria ni mgumu. Kwenye chungu cha umeme ndiye bora kuliko wote: ana mafuta, ana mifupa iliyokomaa, na supu yake ikipoa inaganda. Kilo moja na robo hivi, vipande vikubwa, asiwe na barafu hata kidogo. Kuku wa friza anayeingizwa akiwa ameganda anakaa muda mrefu kwenye joto la uvuguvugu ambalo bakteria wanalipenda, hivyo mshushe kwenye friji tangu usiku wa jana yake.

Kabla ya kumpanga, washa gesi, kaanga vitunguu maji viwili mpaka viwe vya kahawia, tia saumu punje nne na kipande cha tangawizi kilichopondwa, mgeuzegeuze kuku apate rangi. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wameambiwa chungu cha umeme ni kutupia na kuondoka. Kinakubali, ila supu inatoka na ladha ya maji ya kuoshea, kwa sababu humo ndani hakuna kinachoungua na hakuna kinachokauka. Kikaango kikwangue kwa maji kidogo, mimina yote. Karoti tatu ziwe chini kabisa, kwani mboga za mizizi zinachelewa kuiva kuliko nyama kwenye chungu hiki. Viazi sivitii, madonge tayari ni wanga, unakula nini sasa? Pilipili manga, chumvi kijiko kimoja cha chai, nyingine utarekebisha mwisho. Maji lita moja na nusu, yachemshe kwenye birika kwanza, na uyamimine chungu kikiwa si cha baridi, maana bakuli lake la ndani ni la udongo, na udongo ukishtushwa unapasuka. Maji hayapungui kama kwenye sufuria, usiongeze "ya kufidia".

Alfajiri ipue supu yote kwenye mabakuli mapana au sufuria mbili zisizo na kina, zikalishe kwenye karai la maji ya baridi wakati unaoga, kisha friji. Usiweke chungu kizima kwenye friji: udongo unatunza joto, katikati itakaa vuguvugu mpaka mchana.

Jioni unarudi, unaipasha supu kwenye sufuria ya gesi mpaka ichemke kwelikweli, tia njegere kikombe kimoja, tia kikombe cha tui zito ukipenda, punguza moto, dondosha madonge, funika. Kwenye gesi ni dakika 15 hadi 18 tu. Tui liingie wakati huo, lisikeshe na supu, litakatika. Najua umeniuliza habari za chungu na mimi nakupeleka kwenye sufuria, lakini siku ya kazi, saa 1 usiku, watoto wana njaa na umeme umefifia, sikushauri usubiri nusu saa ya kupandisha moto na saa nyingine ya madonge. Jumapili ndiyo siku ya kupika yote kwenye chungu: supu kuanzia saa 3 asubuhi kwenye High ikiwa ni kuku wa kisasa, madonge yanaingia saa 6 na nusu, mnakula saa 7 na nusu mchana. Tui hapo liingie pamoja na madonge.

Gharama isikutishe. Wati 240 kwa saa nane haifiki uniti mbili za LUKU, transfoma itakula kidogo juu yake.

Maharage: unaweza, ila usiyaingize mabichi. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibu tumbo vibaya, na inaondoka kwa kuchemka kweli tu. Joto la chungu hiki linaweza lisitoshe, na maharage yaliyoiva nusunusu yanadhuru kuliko hata mabichi. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwenye gesi yatokote nusu saa kwa maji mapya, mwaga tena, ndipo yaingie kwenye chungu. Choroko na dengu hazina masharti haya makali.

Umeme ukikatika ukiwa macho, usifunue mfuniko. Chungu kikiwa kimekwisha kupata moto kitatunza joto la usalama kwa muda. Usizidishe saa mbili. Hamishia kwenye sufuria umalizie kwenye gesi, na chungu chenyewe cha udongo usikikalishe juu ya jiko, kitapasuka. Ikitokea siku umekiacha peke yake mchana, jua kwamba cha kuzungusha kinawaka tena chenyewe umeme ukirudi, utakuta supu ya moto na hutajua ilikaa imezima saa ngapi. Muulize jirani au mwenye duka. Akikwambia ulikatika tangu saa 4 mpaka saa 9, mwaga, hata kama inanukia. Kuchemsha tena hakuondoi kila kitu ambacho bakteria wameacha humo.

Transfoma nayo iwe ya wati 500 au zaidi, ile ndogo ya kuchajia simu itaungua. Ikae juu ya vigae, isiwe kabatini wala chini ya kitambaa, na uiguse baada ya saa moja: joto la kawaida sawa, ikikuunguza mkono zima. Tofauti ya hezi, yaani 50 za umeme wetu na 60 za Marekani, haiumizi kipashio, ile sehemu inayotoa joto. Kinachonitia hofu ni siku dada wa kazi au mtoto atakapochomoa plagi ya chungu kwenye transfoma na kuichomeka kwenye "multi" ya ukutani, kwa sababu soketi zile zinapokea pini bapa za Kimarekani bila kulalamika. Voti 230 kwenye chungu cha 120 zinakifanya kivute nguvu karibu mara nne, kipashio kinaungua na udongo unaweza kupasuka na supu yote. Funga plagi hizo mbili pamoja kwa selotepu nene, andika juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Madonge yakibaki, yaopoe yakae chombo chake na vijiko viwili vya supu, yasilale ndani ya supu, kwani mpaka asubuhi yatakuwa yameinywa yote. Kesho yake yapashe kwa mvuke, au yapasue katikati uyakaange kwa siagi kidogo, ule na supu iliyobaki na ndimu.